Mwalimu Nyerere, muumini wa misa ya kila asubuhi

Wengi nchini Burundi humkumbuka Mwalimu Julius Kambarage Nyerere kama msuluhishi wa mgogoro wetu kuanzia mwaka 1996. Wasiokumbukwa sana ni Nyerere wa kanisani, ambaye kwa miaka mingi, hata akiwa Rais wa Tanzania, siku yake ilianza kwa misa.

Alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, mtu aliyekuwa na wake wengi. Hakubatizwa utotoni. Alifuata mafundisho ya dini akiwa mwanafunzi, na alibatizwa Desemba 1943, baba yake akiwa amekwisha kufariki. Ndipo alipochukua jina la Julius. Alisomesha katika shule za Kikatoliki, kwanza Tabora na baadaye Pugu, akamwoa Maria mwaka 1953, na mwaka 1955 akaacha ualimu ili aongoze harakati za uhuru.

Imani hiyo haikumfanya mtumishi wa maaskofu. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za misheni, zikiwemo zile alizosomesha, chini ya mamlaka ya serikali, ili watoto wa Kiislamu na wa dini za jadi wapate nafasi sawa. Wala haikumzuia kutumia mkono mzito. Wapinzani waliwekwa kizuizini bila kesi kwa sheria ya mwaka 1962, na katika miaka ya 1970 wakulima wengi walihamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vya ujamaa. Wanaomwita mtakatifu hawana budi kuyatazama hayo pia, na Jimbo la Musoma, lililoanzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri mwaka 2005, haliwezi kuyaruka.

Alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi Butiama kulima. Huko pia aliendelea na kalamu. Aliyekwisha kumfasiri Shakespeare kwa Kiswahili alizigeuza Injili nne na Matendo ya Mitume kuwa tenzi, zilizochapishwa mwaka 1996. Anayeishi kwa kufasiri anajua uzito wa kazi hiyo: kila mshororo mizani minane, vina vitunzwe, na maana isipotee.

Mwaka huohuo aliitwa kwa ajili ya Burundi. Si Warundi wote waliompokea vyema, hasa baada ya nchi jirani kutuwekea vikwazo vya kiuchumi kufuatia mapinduzi ya Julai 1996. Bei zilipanda na lawama zikamwangukia yeye. Hata hivyo aliendelea kuwaita wahasimu Mwanza, kisha Arusha, akiwa mzee wa zaidi ya miaka 70.

Saratani ya damu ilimwondoa tarehe 14 Oktoba 1999 katika hospitali mjini London, mazungumzo yakiwa hayajakamilika. Alizikwa Butiama. Nelson Mandela aliupokea usuluhishi, na Mkataba wa Arusha ulitiwa saini tarehe 28 Agosti 2000.