A. S. Hornby na Kamusi ya Wasiozaliwa na Kiingereza

Albert Sidney Hornby alizaliwa mjini Chester, Uingereza, mnamo mwaka wa 1898. Alitumikia jeshi la wanamaji katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akasoma jijini London, na mwaka wa 1924 akaenda Oita, Japani, kufundisha fasihi ya Kiingereza. Huko ndiko alikotambua kwamba kabla ya fasihi, wanafunzi wake walihitaji lugha yenyewe.

Tambuzi hilo lilimkutanisha na Harold Palmer, aliyekuwa ameanzisha taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza jijini Tokyo mwaka wa 1923. Taasisi hiyo ilikusanya maneno yanayozoea kuandamana, na mwaka wa 1933 ikatoa ripoti juu yake. Hornby alikuwa mmoja wa walioibeba kazi hiyo.

Kamusi nyingi zilizokuwapo zilimlenga mzawa wa lugha. Zilimweleza maana ya neno na asili yake, zikanyamaza kuhusu neno linalofuata, kwa kuwa mzawa hulijua tangu utotoni. Mgeni aliyetafuta "depend" alipata maana, ila hakuambiwa kwamba kihusishi chake ni "on". Alijua "strong" na "powerful" zote zahusu nguvu, asijue kwamba chai huitwa "strong" tu. Tena, akishasikia kwamba "advise" hufuatwa na mtu kisha kitendo, angelitumia "suggest" vivyo hivyo, na sentensi ingeharibika japo kila neno lilikuwa sahihi. Makosa ya namna hii hayatibiwi kwa kukariri maana. Hornby aliziainisha ruwaza za vitenzi 25, akazipa nambari, na kila kitenzi kikaonyeshwa ruwaza kinazozikubali.

Mzungumzaji wa Kiswahili anaielewa haraka shida hii. Katika lugha yake, kazi nyingi za vihusishi hubebwa na kitenzi chenyewe: andika huzaa andikia, kata huzaa katia, na kiambishi kimoja cha kutendea humudu mahali pa vihusishi kadhaa vya Kiingereza. Anapovuka kwenda Kiingereza, hana budi kuchagua kimoja kati ya vingi, na mantiki haimsaidii sana. Wala Kiswahili hakimwonei huruma mgeni: simu hupigwa, pasi hupigwa, mswaki hupigwa. Kidahizo cha piga pekee kingempa Hornby kazi ya msimu mzima.

Palmer aliporejea Uingereza mwaka wa 1936, Hornby alibaki Japani na kuanza kuitunga kamusi pamoja na E. V. Gatenby na H. Wakefield. Muswada ulikamilika mwaka wa 1940. Desemba 1941 Japani iliingia vitani dhidi ya Uingereza, na Hornby akazuiliwa kama raia wa nchi adui. Hata hivyo, mwaka wa 1942 kampuni ya Kaitakusha iliichapisha kamusi hiyo jijini Tokyo. Kitabu cha kufundishia lugha ya adui kikatolewa katikati ya vita, mwaka uleule ambao mtunzi wake aliruhusiwa kurudi kwao!

Baadaye alifanya kazi Iran chini ya British Council, na mwaka wa 1946 akaanzisha jarida la walimu wa Kiingereza. Oxford waliitoa kamusi upya mwaka wa 1948, na kuanzia hapo ikaenea duniani, madarasa ya Kenya yakiwamo. Lawama haikukosekana: wasomaji wengi walizikwepa nambari za ruwaza kwa ugumu wake, na matoleo yaliyofuata kifo chake yalizibadilisha. Lawama hiyo ni ya haki, ingawa yahusu alama zaidi kuliko wazo.

Mwaka wa 1961 alianzisha mfuko wa kuwasomesha walimu wa Kiingereza kutoka nchi za nje, akiutengea sehemu ya mapato ya vitabu vyake. Toleo la tatu la kamusi, alilosaidiwa na A. P. Cowie, lilitoka mwaka wa 1974. Hornby alifariki mwaka wa 1978.