Jackie Robinson: kutoka viwanja vya shule hadi ligi iliyomfungia mlango

Kila msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA, wasikilizaji wetu kutoka Sirari hadi Mugumu hutuuliza swali moja: kijana aking'ara shuleni, anafikaje kwenye mchezo wa kulipwa? Leo tunamwangalia mtu ambaye kipaji hakikuwa shida yake. Shida ilikuwa mlango uliofungwa.

Jackie Robinson alizaliwa Januari 31, 1919 huko Georgia, kusini mwa Marekani, katika familia ya Weusi waliolima shamba la mwenye ardhi na kugawana naye mavuno. Baba aliondoka Jackie akiwa bado mchanga. Mwaka 1920 mama yake, Mallie, aliwachukua watoto wake watano wakapanda treni hadi Pasadena, California. Huko aliwalea kwa kufanya kazi za ndani. Jackie alikuwa kitinda mimba.

Shuleni alicheza kila kitu

Kaka yake Mack ndiye aliyekuwa mfano nyumbani. Mwaka 1936 Mack alipata medali ya fedha ya mita 200 katika Olimpiki ya Berlin. Jackie naye alipofika chuo kikuu cha UCLA, akawa wa kwanza kukiwakilisha chuo hicho katika michezo minne: mpira wa Kimarekani, kikapu, riadha na besiboli. Ajabu ni kwamba besiboli, mchezo wa kupiga mpira mdogo mgumu kwa rungu na kukimbia kuzunguka vituo, ndio aliofanya vibaya zaidi. Mwaka 1941 aliacha chuo kabla ya kumaliza, ili atafute riziki na kumsaidia mama.

Akaingia jeshini. Mwaka 1944 dereva wa basi alimwamuru akakae nyuma kwa sababu ni Mweusi. Alikataa. Alifikishwa mahakama ya kijeshi, akaonekana hana hatia.

Sharti la kunyamaza

Tangu miaka ya 1880, ligi kuu za besiboli hazikuwa zikipokea wachezaji Weusi. Walikuwa na ligi zao, na mwaka 1945 Robinson alichezea Kansas City Monarchs.

Agosti 28 mwaka huo aliitwa na Branch Rickey, kiongozi wa klabu ya Brooklyn Dodgers ya New York. Kwa karibu saa tatu Rickey alimjaribu, akimwonyesha matusi atakayokutana nayo. Alitaka mchezaji mwenye ujasiri wa kutojibu. Kwa mtu aliyekataa kuhama kiti, hilo halikuwa jambo dogo. Lakini Robinson alielewa: akirusha ngumi moja tu, mlango ungefungwa tena kwa wote waliokuwa nyuma yake. Akakubali.

Mwaka 1946 alipelekwa kwanza timu ya Montreal, Kanada. Aprili 15, 1947, akiwa na miaka 28, aliingia uwanjani na Dodgers. Alitukanwa, akatishiwa kuuawa, na baadhi ya wenzake walipinga kucheza naye. Alijibu kwa miguu na rungu, na mwisho wa msimu akachaguliwa mchezaji bora chipukizi. Mwaka 1949 akawa mchezaji bora wa ligi yake, na mwaka 1955 Dodgers wakatwaa ubingwa wao wa kwanza.

Anavyotuhusu sisi

Alipostaafu hakunyamaza tena. Alipigania haki za Weusi, na mwaka 1959 alisaidia kuchangisha nauli za ndege za wanafunzi wa Afrika Mashariki waliokwenda kusoma Marekani, mpango ulioongozwa na Tom Mboya wa Kenya. Alifariki Oktoba 24, 1972, akiwa na miaka 53. Mwaka 1997 ligi kuu zote ziliistaafisha jezi yake namba 42.

Wakulima wa kahawa wa Tarime mtafurahi kusikia hili: mwanawe David alihamia Tanzania miaka ya 1980, akaanzisha shamba la kahawa Mbozi, ambayo sasa iko mkoa wa Songwe.

Kwa hiyo kijana wetu, kipaji chako kitakufikisha mlangoni. Kuufungua kunahitaji nidhamu, na mara nyingi kunahitaji pia mtu mzima mmoja wa kuushika usifungwe. Mzazi, mwalimu, kiongozi wa kijiji: huenda mtu huyo ni wewe.