Ramanujan: Karani wa Bandari Aliyepata Mlezi wa Hesabu

Majirani zetu wengi wa Clairwood, hapa kando ya Jacobs, ni wajukuu wa watu walioletwa kwa meli kutoka bandari ya Madras, India, kuanzia 1860, kulima miwa ya Natal. Mwaka 1912, ofisi ya bandari hiyohiyo ilimwajiri karani kijana aitwaye Srinivasa Ramanujan.

Alizaliwa mwaka 1887. Alizama katika hesabu hata akafeli masomo mengine na kukosa shahada. Karatasi ilikuwa ghali, basi alikokotoa kwenye sleti, akafuta kwa kiwiko, na kunakili jibu tu daftarini. Hakuwa na mtu wa kumwonyesha jinsi ya kuthibitisha.

Januari 1913 alimwandikia G. H. Hardy, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Wasomi wengine aliowaandikia kabla hawakumsaidia. Hardy alizipitia kanuni zile pamoja na mwenzake Littlewood, wakatambua kwamba aliyeziandika ana kipaji kikubwa.

Ramanujan alifika Cambridge mwaka 1914. Walikutana karibu kila siku, mwalimu na mwanafunzi, karatasi mezani. Hardy alimfundisha kuthibitisha, akichunga asije akamvunja moyo. Mwaka 1916 Ramanujan alipata shahada kwa utafiti wake. Hardy naye alijifunza mengi kwake.

Chukua maharage 4 uyagawe mafungu: 4, 3 na 1, 2 na 2, 2, 1 na 1, au 1, 1, 1 na 1. Njia ni 5. Kwa maharage 200, njia ni 3,972,999,029,388! Wawili hao walipata kanuni ya kukadiria idadi hiyo bila kuhesabu njia mojamoja.

Vita vilileta uhaba wa chakula, naye hakula nyama. Baridi ilimchosha, akaugua. Mwaka 1918 aliteuliwa kuwa mwanachama wa Royal Society. 1919 akarudi India, na 1920 akafariki, akiwa na miaka 32 tu.

Msomaji, kipaji alikuwa nacho tangu Madras, lakini bila barua ile huenda madaftari yake yangebaki kabatini. Kuuliza si ujinga. Nawe mzazi au mwanachuo, mtoto akikuletea daftari lake, lifungue.

Je, maharage 5 yanagawanyika kwa njia ngapi? Jaribu, kisha mwonyeshe mwalimu wako Jumamosi ulivyopata jibu.