Joy Adamson na Simba Wake Elsa

Huku kwetu Eastlands, kutoka Makadara hadi Dandora, mnyama tunayemzoea ni mbuzi anayetafuna makaratasi kando ya barabara. Basi msomaji asishangae nikimletea habari za mama aliyelea simba nyumbani, kisha akamwachilia kwa hiari yake.

Joy alizaliwa tarehe 20 Januari 1910 katika mji wa Troppau, ambao sasa uko nchini Cheki. Alifika Kenya mwaka 1937. Alikuwa mchoraji hodari wa maua na wa watu wa makabila yetu katika mavazi yao. Mwaka 1944 aliolewa na George Adamson, bwana nyama wa upande wa kaskazini. Joy hakujaliwa mtoto.

Februari 1956, George alimpiga risasi simba jike aliyewarukia. Kumbe maskini alikuwa akilinda watoto wake watatu wachanga! George akawabeba hadi nyumbani. Joy akawanywesha maziwa kwa chupa, na pimbi wake akawa yaya wao. Walipokua, wawili walipelekwa bustani ya wanyama ya Rotterdam, Uholanzi. Akabaki Elsa, aliyekuwa mdogo kuliko wote.

Elsa alipokuwa mkubwa, swali likawa moja: naye aende kufungiwa Ulaya, au arudi porini? Joy alichagua pori. Lakini simba aliyelelewa kwa chupa hajui kuwinda, na ukimwacha hivi hivi atakufa njaa. Jaribio la kwanza lilishindikana, Elsa akaugua. Wakamhamishia Meru. Huko George alimfundisha kuua mawindo, kisha wakawa wanamwacha peke yake na kwenda zao kwa siku kadhaa.

Hebu fikiria siku hizo. Unakaa kambini ukiomba mwanao afaulu, na papo hapo unajua akifaulu hatakuhitaji tena. Kwa maoni yangu hapo ndipo Joy alipopimwa, wala si pale alipopata sifa. Siku moja walirudi wakamkuta Elsa ameshiba. Alikuwa amejiwindia mwenyewe.

Desemba 1959 Elsa alizaa watoto watatu na dume la porini. Joy alijizuia kuwashika, ili wawe simba kamili. Mwaka 1960 alitoa kitabu kilichosomwa dunia nzima, na pesa nyingi alizopata alizitoa kwa kuhifadhi wanyama.

Januari 1961 Elsa alikufa kwa ugonjwa wa kupe. Watoto wake wakaanza kula mifugo ya watu, ikabidi wahamishiwe Serengeti. Mmoja alikuwa na kichwa cha mshale mwilini. Joy aliwatafuta huko kwa miezi mingi, asiwaone tena. Ati mtu angesema basi, yatosha! Yeye akamchukua duma, Pippa, akamrudisha porini Meru. Pippa naye akafa mwaka 1969. Halafu ikaja zamu ya chui, Penny, huko Shaba.

Kusema kweli, Joy alikuwa mpole kwa wanyama kuliko kwa watu, na waliofanya kazi naye walimjua kwa ukali. Tarehe 3 Januari 1980 aliuawa huko Shaba. Kwanza ilidhaniwa ni simba, lakini mwaka uliofuata mahakama ikampata na hatia kijana aliyewahi kumfanyia kazi.

Majivu yake yalipelekwa Meru, yakanyunyizwa juu ya makaburi ya Elsa na Pippa.