Andrew Foster, Mwalimu wa Viziwi

Mwezi huu tunawaletea habari za marehemu Andrew Foster, mtumishi wa Mungu aliyekuwa kiziwi.

Alizaliwa mwaka 1925 katika jimbo la Alabama, Marekani. Baba yake alikuwa mchimba makaa ya mawe. Akiwa na umri wa miaka 11 aliugua homa ya uti wa mgongo, yeye pamoja na ndugu yake, wakawa viziwi wote wawili. Siku zile watu weusi walitengwa mashuleni, na hata chuo cha viziwi cha Gallaudet, mjini Washington, kilimkataa kwa ajili ya rangi yake. Hakukata tamaa. Mwishowe alipokelewa, na mwaka 1954 akapata digrii.

Mwaka 1957 alifika Ghana. Aliambiwa kwamba huko hakuna watoto viziwi. Foster hakusadiki, akawatafuta, akawakuta wengi wamekaa majumbani bila kufundishwa neno lolote. Jengo hakuwa nalo. Aliazima darasa mjini Accra, akafundisha kwa ishara baada ya wanafunzi wanaosikia kwenda kwao. Shule ile ndogo ya kutwa ikawa mwanzo. Alipofariki kwa ajali ya ndege nchini Rwanda, mwezi Desemba 1987, alikuwa ameanzisha shule zaidi ya 30 katika nchi 13 za Afrika.

Kwetu Tanzania shule ya kwanza ya viziwi ilianzishwa na Kanisa Katoliki huko Tabora mwaka 1963. Mwaka 1974 ikafuata ya Buguruni, Dar es Salaam. Tunamshukuru Mungu kwa kazi hiyo. Lakini tufikiri: mzazi wa Kilosa ilimpasa kumpandisha mtoto wake garimoshi mpaka Tabora na kumwacha huko, mtoto asiyeweza hata kuelezwa anakopelekwa. Si ajabu wengi walibaki nyumbani, wakaitwa bubu, wakapewa mbuzi wachunge.

Ndugu zetu wa Kilosa na Mikumi, Foster alianza kwa kuwatafuta watoto. Darasa lilikuja baadaye. Kutafuta kunatuwezekana sisi sote. Tunapotembelea nyumba za Wakristo wenzetu, tuulize kwa upole kama yuko mtoto asiyesikia, tumpe mkono wa salamu, na tuwasaidie wazazi wake kumpeleka kwa mwalimu. Asiwepo mtoto wa mtaa wetu ambaye jirani hamjui.