Papa Leo XIII, Mtetezi wa Wafanyakazi

Asubuhi, katika njia za Kailo, utaona watoto wa namna mbili. Wengine wamechukua daftari, wanakwenda shuleni. Wengine wamechukua beseni na sururu, wanakwenda mashimoni kutafuta kasiterite. Wote ni watoto wa nchi moja. Je, ni nani waliosema ya kwamba mahali pa mtoto si shimoni? Wengi walisema. Leo tutasoma habari za mmoja wao, mzee mmoja aliyevaa kanzu nyeupe huko Roma.

1. Utoto wake

Vincenzo Gioacchino Pecci alizaliwa tarehe 2 mwezi wa tatu, mwaka wa 1810, katika Carpineto, kijiji cha milimani kusini ya Roma. Baba yake alikuwa mtu wa cheo, lakini si tajiri sana. Mama yake, Anna, aliwafundisha watoto wake kusali na kuwahurumia maskini.

Alipokuwa na miaka minane, alipelekwa pamoja na ndugu yake Giuseppe katika shule ya mapadri Wajesuiti, mjini Viterbo. Alikuwa na bidii nyingi, akapenda sana Kilatini. Mwaka wa 1824 mama yake akafa. Kijana alihuzunika, lakini hakuacha masomo.

Mwaka wa 1837 ugonjwa wa kolera uliingia Roma, watu wengi wakafa. Pecci hakukimbia. Alisaidia kusimamia mahospitali ya mji. Siku ya mwisho ya mwaka ule ule akapata upadri.

2. Anaona shida za watu

Papa wa siku zile alimtuma kutawala mji wa Benevento. Huko wanyang'anyi walikuwa wengi, na wakubwa wengine waliwaficha majumbani mwao. Padri Pecci hakuogopa cheo cha mtu. Wanyang'anyi wakakamatwa, njia zikawa salama.

Mwaka wa 1843 akapewa uaskofu, akatumwa Ubelgiji kuwa balozi wa Papa. Ubelgiji ni nchi ile iliyotawala Kongo baadaye. Wakati ule ilikuwa imejaa viwanda na mashimo ya makaa ya mawe. Mashine zilifanya kazi mchana na usiku. Matajiri walizidi kutajirika, lakini wafanyakazi walipata mshahara mdogo. Hata wanawake na watoto wadogo walishuka chini ya ardhi, gizani, wakakokota magari ya makaa. Walitoka jioni wamechoka kabisa, wala hawakujua kusoma. Vivyo hivyo ilikuwa katika nchi nyingine za Ulaya. Watoto, msidhani ya kwamba wazungu wote waliishi raha zamani.

Mwaka wa 1846 akarudi Italia, akawa askofu wa Perugia muda wa miaka 32. Siku za njaa aliwapikia maskini chakula. Alifungua nyumba za yatima na za wazee. Tena aliwasaidia watu wadogo wapate kukopa fedha bila kunyonywa na wakopeshaji wabaya.

3. Anakuwa Papa

Tarehe 20 mwezi wa pili, mwaka wa 1878, makardinali walimchagua kuwa Papa. Akajitwalia jina la Leo XIII. Alikuwa na umri wa miaka karibu 68, mwili wake mwembamba na dhaifu. Wengi walidhani hatakaa siku nyingi. Lakini alitawala Kanisa miaka 25!

Tangu mwaka wa 1870 Papa alikuwa amenyang'anywa nchi yake. Hakuwa tena na jeshi la vita. Leo XIII alibaki na kitu kimoja tu, yaani neno lake. Basi, alilitumia vema.

4. Watumwa

Wazee wetu wa Maniema walisimulia mabaya ya utumwa. Misafara ilitoka pwani hata Nyangwe na Kasongo. Ilichukua pembe za ndovu, ikachukua na watu wamefungwa minyororo.

Mwezi wa tano mwaka wa 1888 Papa Leo aliwaandikia maaskofu wa Brazil waraka wa kuhukumu utumwa. Katika mwezi ule ule Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Mapadri Weupe, alifika Roma pamoja na Wakristo wa Afrika, na kati yao watu waliokombolewa katika utumwa. Papa akamwagiza Kardinali kuzunguka Ulaya na kutangaza mateso ya Afrika. Kardinali akahubiri Paris, London na Brussels. Watu waliomsikia wakalia machozi.

Kisha wajumbe wa serikali 17 wakakutana mjini Brussels, tangu mwezi wa 11 mwaka wa 1889 hata mwezi wa saba mwaka wa 1890. Hata Sultani wa Zanzibar alikuwa na mjumbe wake. Walipatana kuzuia misafara ya watumwa na biashara ya bunduki.

Lakini sikilizeni jambo la huzuni. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyekuwa mwenyeji wa mkutano ule, ndiye aliyekuwa mwenye dola ya Kongo. Maajenti wake wakawalazimisha watu wa Kongo kutafuta mpira msituni. Aliyeleta kidogo alipigwa, wengine waliuawa. Minyororo ya kwanza ilikatwa, mingine ikafungwa. Basi, karatasi ya mkutano ni kitu chema, lakini haiwezi kumlinda mtu kama wenye nguvu hawaitii.

5. Mkutano wa Berlin

Kwa nini mataifa yakutane kusema habari za kazi? Je, haitoshi kila nchi itunge sheria yake?

Fikirini sokoni kwetu. Watu wawili wanauza mafuta ya ngazi. Wa kwanza anawalipa vema wafanyakazi wake na kuwapumzisha. Wa pili anawatumikisha watoto, hawalipi kitu. Huyu wa pili ataweza kuuza kwa bei ndogo, na wanunuzi watamkimbilia. Wa kwanza ataona hasara, na pengine ataiga ubaya wa mwenzake. Lakini sheria ikiwafunga wote wawili, mtu mwema hatapata hasara kwa sababu ya wema wake.

Ndivyo ilivyo kati ya nchi na nchi. Katika Uswisi, Mkatoliki mmoja aliyeitwa Gaspard Decurtins aliomba bungeni mataifa yapatane sheria za kazi. Serikali ya Uswisi ikaita mkutano. Ndipo Mfalme Wilhelm II wa Ujerumani akataka mkutano ufanyike kwake Berlin. Akamwandikia Papa barua, na Papa akajibu kwa furaha, akasifu kazi hiyo. Askofu Kopp wa mji wa Breslau alikuwa mmoja wa wajumbe.

Wajumbe wakakaa tangu tarehe 15 hata tarehe 29 mwezi wa tatu, mwaka wa 1890. Wakakubaliana ya kwamba yafaa wanawake wasifanye kazi chini ya ardhi. Ya kwamba watoto wasiingie mashimoni kabla ya miaka 14, na katika nchi za kusini miaka 12. Ya kwamba wafanyakazi wapumzike Dominika. Tena ya kwamba mtoto amalize kwanza masomo ya chini kabla ya kwenda kiwandani. Lakini hayo yote yaliandikwa kama maombi tu. Hakuna serikali iliyofungwa kuyatimiza.

6. Waraka mkubwa

Papa Leo hakuchoka. Tarehe 15 mwezi wa tano, mwaka wa 1891, alipokuwa na miaka 81, alitoa waraka unaoitwa kwa Kilatini Rerum Novarum. Ulisomwa ulimwenguni pote.

Katika waraka huo alifundisha ya kwamba mfanyakazi si mashine wala si mtumwa, bali ni mtu mwenye heshima aliyopewa na Mungu. Mshahara wake lazima utoshe kumlisha mtu mwenye kiasi. Wafanyakazi wana haki ya kuunda vyama vyao. Wale wanaochimba mawe na madini wafanye saa chache zaidi, kwa kuwa kazi yao ni ngumu na inaharibu afya. Watoto wasitiwe viwandani kabla miili na akili zao hazijakomaa. Wafanyakazi nao aliwaagiza kutimiza kazi waliyopatana, wasiharibu mali ya watu, wala wasifanye fujo. Mali ya mtu ni yake, lakini aliye na mengi asimsahau aliyekosa.

Matajiri wengine walichukizwa. Walisema mambo ya mshahara si mambo ya Papa. Lakini yeye hakuondoa neno hata moja. Mwaka wa 1893 alimwandikia Decurtins kumtia moyo aendelee kutafuta sheria moja kwa mataifa yote.

7. Kufa kwake, na mavuno yake

Papa Leo XIII alikufa tarehe 20 mwezi wa saba, mwaka wa 1903, akiwa na miaka 93. Hakuona sheria ile aliyoitamani. Alipanda mbegu, wengine wakavuna.

Mwaka wa 1919, baada ya vita kubwa, mataifa yaliunda Shirika la Kazi la Kimataifa. Mkutano wake wa kwanza ulikutana Washington mwaka ule ule. Safari hii hayakuwa maombi tu: nchi iliyotia sahihi ilifungwa kutimiza. Walipatana saa nane za kazi kwa siku viwandani, na mtoto asiingie kiwandani kabla ya miaka 14. Mwaka wa 1930, huko Geneva, walipatana kuondoa kazi za kulazimishwa. Watu wa Kongo hawakuwa na kiti katika mikutano ile, kwa maana walitawaliwa. Lakini mwaka wa 1960, mwaka wa uhuru, Kongo iliingia katika Shirika hilo. Mwaka wa 1999 mataifa yalipatana kuwaondoa watoto katika kazi mbaya kabisa, kama zile za mashimoni, na mwaka wa 2001 nchi yetu ilikubali mapatano hayo.

Mwaka wa 2025 Papa mpya alijitwalia jina la Leo XIV, kwa kumkumbuka mzee yule na waraka wake juu ya kazi.

Watoto wapenzi, sheria ya kuwalinda ipo. Lakini mmekwisha kusikia ya kwamba karatasi peke yake haitoshi. Wazazi wengine huwapeleka watoto shimoni kwa sababu ya njaa, si kwa sababu ya ubaya. Usimcheke mwenzako anayetoka shimoni na matope miguuni. Mwonyeshe somo la leo, mwazime daftari lako, umwambie mwalimu habari zake. Na siku utakapokuwa mkubwa, ukiwa na watu wa kukufanyia kazi, walipe siku ile mliyopatana. Mungu aliyekupa mikono ndiye aliyewapa na wao.

Maulizo

1. Vincenzo Pecci aliona nini katika nchi ya Ubelgiji?
2. Kwa nini sheria ya nchi moja peke yake haitoshi? Eleza kwa mfano wa wauza mafuta.
3. Mkutano wa Berlin ulikubaliana nini juu ya watoto? Ulipungukiwa na nini?
4. Mkutano wa Brussels ulikataza misafara ya watumwa. Kwa nini watu wa Kongo waliendelea kuteswa?
5. Wewe waweza kufanya nini kwa mwenzako asiyekuja shuleni?