Mackay wa Nyanza na Hesabu ya Waliokufa

Jina la Alexander Mackay linajulikana sana katika Kanisa la Anglikana, hasa kwa kazi yake ya Uganda. Ni wachache wanaokumbuka kwamba alifia Usambiro, kusini mwa ziwa, katika nchi ambayo sasa ni Tanzania. Barua na mizigo ya misheni yake ilitegemea njia ya misafara ya pwani hadi Unyanyembe, na kituo cha CMS cha Uyui, karibu na Tabora. Tumtazame kwa upande ambao husemwa kidogo: hesabu ya vifo.

Alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 huko Rhynie, Scotland, mtoto wa mchungaji. Alisomea uhandisi Edinburgh, kisha akafanya kazi Berlin. CMS ilipotafuta watu wa kwenda kwa Kabaka Mutesa, alijitolea. Aprili 1876 wanaume wanane waliagwa London. Mackay, kijana kuliko wote, aliwaambia wakubwa wa chama wasistuke wakisikia katika miezi sita ijayo kwamba mmoja wao amekufa. Wampeleke mwingine mahali pake.

Haikupita miezi minne. Agosti 1876 James Robertson alikufa Zanzibar. Mei 1877 Dakta John Smith alikufa kwa ugonjwa huko Kagei, kando ya ziwa. Desemba mwaka huo huo Shergold Smith na O'Neill waliuawa Ukerewe. Clark na Robertson wa pili walirudishwa kwao wagonjwa. Mackay mwenyewe alishikwa na homa akiwa safarini kwenda bara, akarudishwa pwani. Alipopona alitengeneza barabara ya kutoka Saadani hadi Mpwapwa, karibu kilomita 370.

Basi, wanne kati ya wanane. Kwa kawaida watu husema nusu walikufa, wakaishia hapo. Lakini nusu kwa muda gani? Nusu ya watu wakifa katika miaka 50 si habari. Katika mwaka mmoja ni msiba. Kwa hiyo wataalamu wa magonjwa hawahesabu vichwa tu, huhesabu pia muda ambao kila mtu alikuwa hatarini. Tuanze Juni 1876 na kuishia Desemba 1877. Robertson tumpe miezi 2, Dakta Smith miezi 11. Shergold Smith, O'Neill, Wilson na Mackay wapate miezi 18 kila mmoja. Wale wawili waliorudi, tuseme kwa kukisia kwamba walikaa miezi 6 kila mmoja. Siku walipopanda meli huacha kuhesabiwa. Jumla ni miezi 97, yaani karibu miaka 8. Gawanya vifo 4 kwa miaka 8: ni sawa na vifo 50 kwa kila watu 100 kwa mwaka. Ukiondoa wawili waliouawa, ugonjwa peke yake unabaki na 25 kwa 100.

Angalia tena. Wagonjwa wawili waliorudishwa hawamo katika vifo, ingawa huenda wangekufa kama wangebaki. Nambari ya ugonjwa kwa hiyo yaweza kuwa ndogo kuliko hatari yenyewe. Na kama tungeendelea kuhesabu hadi 1890, miaka mingi ya Mackay peke yake ingeshusha wastani, na mtu angedhani nchi ilikuwa salama tangu mwanzo.

Hata daftari letu la maziko lina shida hiyo. Mtaa ulioandika maziko 40 si lazima uwe na afya mbaya kuliko ule wa maziko 10. Tuulize kwanza wanaishi watu wangapi kila upande, na wangapi ni wazee.

Ila tuliwezaje kufanya hesabu ya wazungu wanane? Ni kwa sababu majina na tarehe zao ziliandikwa. Wapagazi Wanyamwezi na watu wa pwani waliobeba mizigo yao, kama kilo 30 begani, walipita njia hiyo kwa maelfu. Ndui, kuhara damu na njaa ya Mgunda Mkali viliwaua. Mara nyingi aliyeanguka aliachwa kando ya njia, na mzigo wake ukagawiwa wenzake. Vifo havikuandikwa, na hata waliotoka pwani hawakuhesabiwa sawasawa. Bila nambari ya juu na ya chini hakuna kiwango cha kutafuta. Tukisema njia ile iliua wamisionari kuliko wengine, tunasema tusilolijua.

Mackay alifika Uganda Novemba 1878, akachapa vitabu na kufundisha ufundi. Julai 1887 alifukuzwa, akahamia Usambiro. Machi 1888 Askofu Parker na Kasisi Blackburn walikufa hapo katika mwezi mmoja. Mwaka 1889 Stanley alipita, akamsihi waende pwani pamoja, akakataa. Tarehe 8 Februari 1890 homa ilimwua, akiwa na umri wa miaka 40. Kwinini ilikuwa inajulikana, lakini hatari ya mbu haikujulikana mpaka Ronald Ross alipoigundua mwaka 1897.

Alizikwa Usambiro. Mwaka 1927 mifupa yake ilihamishiwa Namirembe, Kampala.